Pesa Yako Ikikwama, Nani Anaongoza Kuitafuta?

Umetuma karo ya mtoto, simu inazunguka tu, na ujumbe wa kuthibitisha hauji. Unangoja dakika mbili. Unatuma tena. Baadaye jumbe mbili zinaingia kwa mpigo: shule imelipwa mara mbili, na wewe huna nauli ya kurudi nyumbani.

Wengi hudhani shida kama hii ni ya mashine tu. Ni kweli huanzia huko mara nyingi, lakini kama itaisha kwa dakika 5 au kwa saa 2, hilo hutegemea sana jinsi timu ya mainjinia inavyoongozwa. Tumejifunza hivyo kwa gharama, na sehemu ya gharama mlilipa nyinyi wateja.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, malipo yalianza kukwama baada ya sisi kubadilisha sehemu ndogo ya programu. Kiongozi wa timu alikuwa ndiye fundi wetu hodari kabisa. Ndiyo maana tulimpandisha cheo. Akafanya alichozoea: akainamia kompyuta kutafuta kosa mwenyewe. Wenzake wakasimama nyuma yake wakitazama. Hakuna aliyewaarifu watu wa huduma kwa wateja, kwa hivyo mliopiga simu mliambiwa mjaribu tena. Mkajaribu. Kosa lenyewe kumbe lilikuwa dogo, lakini kurudisha pesa zilizotumwa mara mbili kulituchukua siku kadhaa.

Siku hizi kukitokea hitilafu, kiongozi haruhusiwi kugusa kibodi. Yeye anagawa kazi: huyu atafute kosa, yule arudishe programu ilivyokuwa jana, mwingine awape huduma kwa wateja maneno ya kweli ya kuwaambia. Kwa mtu aliyepanda cheo kwa uhodari wa mikono, hilo si rahisi. Yule wetu alisema alijiona kama mtu asiye na kazi.

Wala dawa si kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka wa 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliolemewa. Aliyewahi kuona wapishi wapya wakiletwa saa ya kupakua pilau anaelewa.

Kilichotusaidia zaidi ni kubadilisha kikao cha baadaye. Zamani swali la kwanza lilikuwa "nani alifanya hivi?" Jioni ile, kijana aliyeweka yale mabadiliko alinyamaza karibu dakika 20 kwa kuogopa kufutwa, na dakika hizo zote nyinyi mlikuwa mnatuma pesa. John Allspaw, alipokuwa Etsy huko Marekani, aliandika mwaka wa 2012 kuhusu kuchunguza hitilafu bila kutafuta wa kulaumiwa. Tukaiga. Sasa tunauliza: ilikuwaje mtu mmoja akaweza kuweka mabadiliko mwisho wa mwezi bila mwenzake kuyapitia? Kuna wanaosema huku ni kubembelezana. Sisi tunaona afadhali kosa litajwe mapema kuliko lifichwe.

Kikao hicho ndicho kilichofanya kila ombi la malipo lipewe nambari yake. Simu ikirudia ombi lile lile, mfumo unalitambua na kulilipa mara moja tu. Lakini ukianza upya mwenyewe, ukaweka kiasi na nambari ya siri tena, kwetu hilo ni ombi jipya. Huenda kweli unataka kumtumia mtu yule yule mara mbili, hatuwezi kukuzuia.

Kwa hivyo ujumbe usipokuja, angalia salio na taarifa ya miamala kabla ya kutuma tena. Pesa ikiwa imetoka, pigia huduma kwa wateja ueleze saa, kiasi na nambari uliyotumia. Nambari yako ya siri hatutakuuliza, hata mfumo ukiwa umelala kabisa. Na ukijibiwa tu "jaribu tena" bila maelezo, tuandikie saa uliyopiga. Kiongozi aliyekuwa zamu atatueleza.