Macho 64, jozi 3: Kulikoni?

Leo nakuletea aibu yangu mwenyewe. Kucheka ruksa, lakini ukimaliza kucheka uchukue somo, maana mwenzio lilinitoa jasho.

Makazi yangu ni Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Kama hupajui usijilaumu, mkoa wenyewe ulizaliwa 2016 tu, baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Ukifika Tunduma, pale mpakani na Zambia kwenye foleni ya malori, unatafuta gari nyingine ya kuja kwetu. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, kwa hiyo wateja tunao wa aina mbili: watumishi wanaosubiri mwisho wa mwezi na wakulima wanaosubiri mavuno. Shika hilo, tutalirudia.

Novemba 2024, baada ya kukaa kijiweni na cheti changu cha kidato cha nne mpaka nikachoka, nikaamua kuuza viatu. Mtaji? Shangazi yangu alichukua mkopo kwenye VICOBA yao, akanikabidhi shilingi 240,000. Akaniambia, "Mwanangu, hii hela ina marejesho kila wiki. Usiniaibishe mbele ya akina mama wenzangu."

Nikaenda Tunduma kifua mbele. Nikanunua jozi 20 za mchuchumio, kila jozi 12,000. Vilikuwa vikali, bwana we! Jioni hiyohiyo nikavipiga picha, nikavitupia kwenye stetasi ya WhatsApp: "Mzigo mpya, 18,000 tu, wahi!" Asubuhi nachungulia, macho 64! Kina dada wamenitumia makopa na vimoto mpaka simu ikaganda. Nikajiona tajiri. Nikaanza hata kutazama bei ya pikipiki.

Mwezi ukaisha. Jozi zilizouzwa: tatu.

Shangazi hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kila siku ya kikao cha VICOBA alikuwa anauza kuku mmoja kimyakimya ili apeleke marejesho. Kuku wa nne alipoondoka, nikaketi chini na simu yangu.

Nikawakumbuka walioangalia ile stetasi, nikaanza kuhesabu jina moja moja. Katika wale 64, watu 31 ni niliosoma nao, sasa wapo Dar, Mbeya na kwingineko. Watu 15 ni wauza viatu wenzangu wa Tunduma, wanapeleleza bei tu. Wa Chitete hasa walikuwa 18! Kumbe nilikuwa nalipigia ngoma soko lisiloweza kuja kununua.

Nikawafuata wale 18 inboksi, mmoja mmoja. Sikuwaambia wanunue. Niliuliza tu: "Dada, viatu uliviona. Nini kilikukwaza?" Nesi mmoja akanijibu kwa sauti, huku anacheka: "Viatu vizuri mdogo wangu, lakini nitavivaa wapi na tope hili?"

Msomaji, nilitoka nje nikatazama barabara. Masika huku yanaanza Novemba mpaka Aprili. Mimi nilikuwa nauza mchuchumio kwenye matope!

Basi nikatupia stetasi nyingine, safari hii bila picha ya kiatu. Niliandika: "Mvua hizi, wewe unavaa nini miguuni?" Majibu yakamiminika. Wakulima wanataka yeboyebo na mabuti ya mvua. Manesi na walimu wanataka viatu vya kufunika, visigino vifupi, maana wanasimama kutwa. Mama mmoja akaniuliza kama nina vya watoto wa shule.

Nikachukua ile 54,000 ya jozi tatu, nikarudi Tunduma, nikaleta jozi 12 za yeboyebo kwa 3,500 kila moja. Nikauza 5,000. Siku nne tu, zikaisha. Na ile michuchumio? Nikawauliza watu nani ana sherehe Desemba. Kwenye harusi na sendofu zikaondoka jozi 14 kwa bei ya kununulia. Tatu zilizobaki ziko chini ya kitanda mpaka leo, zinanikumbusha.

Sasa nikupe ninayoyafanya, labda nawe una genge au kibanda chako cha nguo. Kwanza, nina daftari. Naandika jina la mteja, namba ya kiatu, na siku anayoshika hela. Mwalimu namtumia picha tarehe za mshahara, mkulima namwacha apumue mpaka avune. Ukimpigia kelele mtu asiye na hela, atakuzima tu.

Pili, natumia WhatsApp ya biashara, ile iliyotoka 2018. Ni ya bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei, na unaweza kuwabandika wateja alama: huyu kalipa, huyu anasubiri mzigo. Ila jua kwamba ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo haumfikii asiyeihifadhi namba yako. Kwa hiyo kila anayenunua namwomba aniseve palepale.

Tatu, malalamiko usiyakimbie. Dada mmoja alinianika kwenye grupu la mtaa kwamba soli ya kiatu chake imebanduka. Mkono ulinicheza nimjibu kwa hasira. Nikajikaza, nikaandika mbele ya wote: "Samahani dada, nakuja jioni kubadilisha." Nikaenda. Wiki hiyo walikuja wateja wawili, wote walitoka kwenye grupu lile.

Nne, siri ya mteja ni ya mteja. Usitupie meseji ya malipo yenye jina na namba yake eti ujionyeshe unauza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi Mei 2023, na haimsamehi mtu kwa sababu kibanda chake ni kidogo.

Mwisho, usiweke roho yako yote mtandaoni. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na siku kadhaa zikapita bila stetasi wala inboksi. Kilichoniokoa ni lile daftari. Hali ilipotulia, nilipiga simu za kawaida, nikawajulia hali kwanza, biashara baadaye. Hata wenye simu za tochi niliwapata.

Shangazi alimaliza marejesho yake. Kuku wanne nimemrudishia, na jogoo juu. Juzi kaniuliza kama naweza kumuuzia mchele wake kwenye hiyo simu. Nikamjibu, "Shangazi, kabla ya kupiga picha, tuwaulize kwanza wanaopika."

Haya, wewe wa mjini unayejivunia macho mia mbili kila siku, hebu leo hesabu: wangapi wanaweza kufika dukani kwako? Tukutane wiki ijayo.