Usimuuzie Mteja Umri wa Samani, Muuzie Inayomfaa Nyumbani Kwake

Mimi nauza samani za zamani mtandaoni hapa Dar: makasha ya Zanzibar, vitanda vya samadari, viti vya kamba, meza za mninga, makabati ya kioo ya miaka ya 60 na 70. Sina duka. Nina stoo ndogo, simu na fundi mmoja ninayemwamini. Leo nakupa somo lililonigharimu shilingi 320,000, ili wewe ulipate bure.

Mwaka juzi niliposti kitanda cha samadari cha msaji, nguzo nne za kuchonga, kirefu, kinavutia kweli kweli. Mama mmoja mstaafu akanitumia ujumbe: "Mwanangu, nimekipenda, bei gani?" Nikamwambia 1,400,000. Hakuomba hata kupunguziwa. Nikafurahi, kwa sababu nilikuwa na deni la kikoba na marejesho yalikuwa wiki ile ile. Sikumuuliza swali hata moja. Nikaita kirikuu, mzigo ukaenda.

Siku ya tatu akanipigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kitanda ni kizuri, sina neno. Ila chumba kimejaa, mlango wa kabati haufunguki, feni inakaribia kugonga nguzo. Na kiko juu mno, magoti yangu hayapandi. Juzi nimelala sebuleni."

Yaani pale niliishiwa maneno. Kitanda hakikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwangu mimi niliyeuza. Nilikirudisha na nikamrudishia hela yake yote. Usafiri kwenda 90,000, kurudi 90,000, vibarua wa kupandisha na kushusha ngazi 60,000, na fundi 80,000 kwa mguu uliopasuka njiani. Jumla 320,000, na kikoba nikalipa kwa kukopa kwingine.

Tangu siku hiyo sitaji bei kabla ya kuuliza maswali matatu. Yachukue, yatakusaidia hata kama unauza mapazia.

1. Nyumba yako ikoje?

Mwombe mteja akutumie video fupi ya chumba, kuanzia mlango wa nje. Video inaonyesha ngazi, kona na feni, vitu ambavyo mteja mwenyewe hakumbuki kukuambia. Kisha pata vipimo: upana wa mlango, urefu wa dari, ukubwa wa chumba. Na wewe uweke vipimo vya bidhaa kwenye posti kwa sentimita, siyo "kikubwa kiasi".

Mbinu rahisi: mwambie atandike magazeti sakafuni kwa ukubwa wa meza au kabati, aishi nayo siku moja. Akiwa anayakanyaga kila akipita, hiyo bidhaa siyo yake.

2. Unaishi vipi?

Kabati la kioo la mwaka 1970 ni zuri, lakini nyumba yenye watoto wawili wanaocheza mpira ndani, litadumu mwezi? Mtu mwenye wageni kila wikiendi anahitaji viti vinavyobeba uzito, siyo kiti cha kamba kilicholegea. Uliza pia kama chumba kina kiyoyozi au jua kali la mchana. Mbao za zamani zikikaushwa ghafla zinapasuka, na jua linafifisha rangi. Na muulize kuhusu mwili wake bila kumwonea aibu: magoti, mgongo, kimo. Mimi nisingepoteza hela ile kama ningeuliza tu, "Mama, kitanda kirefu utakiweza?"

3. Wewe ni mtu wa namna gani?

Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa sababu ukimuuliza mtu "unapenda mtindo gani" atakujibu "wowote mzuri". Mimi nauliza hivi: "Nyumbani kwa bibi yako kulikuwa na kitu gani ulichokuwa unakipenda?" Jibu linakuambia kila kitu. Mtu mtulivu, asiyependa vitu vingi, mpe kimoja tu cha zamani kwenye sebule ya kisasa, kikae peke yake kionekane. Mtu wa watu mpe meza ndefu. Mtu wa kutunza kumbukumbu mpe kitu cha kuwekea vitu: kasha, meza ya droo, kabati la vyombo.

Sema ukweli kuhusu umri

Wauzaji wengi duniani wanaita antiki kitu chenye miaka 100 au zaidi. Chini ya hapo, kama kina mtindo wa enzi zake, wanakiita vinteji. Kabati la mwaka 1975 siyo antiki, na hakuna ubaya. Liite jina lake. Usiandike "miaka 150" kwa sababu aliyekuuzia kasema.

Kagua mwenyewe kwanza:

✅ Toa droo, angalia kona. Meno ya mkono hayalingani sawasawa. Ya mashine yanafanana yote.
✅ Angalia skrubu. Zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kasha la "enzi za Sultani", ama ni jipya ama limefanyiwa ukarabati. Uliza.
✅ Kitu kilichotumika huchakaa pale mkono unaposhika na mguu unapogusa. Kikichakaa sawasawa kila mahali, huenda ni msasa wa fundi.
✅ Gonga, kisha angalia chini. Unga mpya unaodondoka kwenye vitobo maana yake wadudu bado wamo. Usiingize stoo, utaambukiza mzigo wote.

Historia nayo iseme ilivyo. Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar, yale yenye misumari ya shaba, yalitoka India kwa majahazi. Hilo halipunguzi thamani, linaongeza hadithi.

Na tahadhari mbili za kisheria. Viti vya enzi vya zamani vya pwani wakati mwingine vimetiwa nakshi ya pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe imezuiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1990, kwa hiyo usiguse mzigo huo kabla ya kuuliza mamlaka za wanyamapori. Pili, Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria yake. Hivyo siyo vitu vya kuuza kienyeji au kumfungia mtalii kwenye sanduku.

Posti yangu sasa inasomeka hivi:

"Meza ya mninga, ya miaka ya 70. Urefu sm 140, upana sm 75, kimo sm 76. Droo mbili, moja imebadilishwa kitasa. Mguu mmoja una mkwaruzo, tazama picha ya nne. Inafaa nyumba ya watu wanne, au mtu anayefanyia kazi nyumbani. Nitumie video ya chumba chako kabla hujalipia."

Wapo wanaonikimbia kwa maswali. Sawa tu. Ila wanaobaki hawarudishi mzigo, na tangu nianze hivi sijalipa tena usafiri wa kurudi.

Yule mama je? Nilipomrudishia hela nilimuuliza lile swali la bibi yake. Akacheka kwenye simu, akasema bibi alikuwa na kasha la kuwekea kanga, na wajukuu walikuwa wanagombania kulifungua ili wanuse harufu yake. Baada ya miezi miwili nikapata kasha dogo, kimo cha goti. Nikampigia, akapima kwa magazeti miguuni pa kitanda chake cha kawaida, likaenea. Akalipa 650,000. Siku hizi analikalia akivaa viatu asubuhi, na mdogo wake amenunua meza kwangu.

Kwa hiyo kesho mteja akikuandikia "bei gani?", msalimie vizuri, kisha muulize kitakaa wapi.

Wewe ni swali gani unalomuuliza mteja kabla ya kutaja bei? Andika hapo chini tujifunze, na umtumie mwenzako anayeuza samani.