MTOTO ANAYETEMBELEA NCHA ZA VIDOLE

Wapo watoto ambao wakianza kutembea hawakanyagi kisigino chini. Hutembelea ncha za vidole, kama mtu anayechuchumia kuchukua kitu juu ya kichanja. Watu wakimwona husema eti amerogwa. Wazazi wengine humfokea, wengine humchanja chale kwa wembe. Wapo pia wanaoogopa hospitali, maana wamesikia kuwa dawa yake ni kupasuliwa tu. Sivyo. Watoto walio wengi hawahitaji kisu.

Kwanza tuangalie umri. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuchuchumia mara kwa mara, wala si ugonjwa. Akitimiza miaka 3 na bado anachuchumia, mpelekeni zahanati akaangaliwe. Hata hapo wengi huacha wenyewe. Mwaka 2012 madaktari wa Sweden, nchi ile iliyosaidia kuanzisha Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, walieleza habari za watoto 1,436 wa miaka mitano na nusu. Kati yao, 70 walikuwa wamewahi kutembelea vidole. Katika hao 70, watoto 40 walikuwa wamekwisha acha. Wakafuatwa mpaka miaka 10. Karibu wanne katika kila watano walikuwa wameacha wenyewe.

Basi kwa nini tuhangaike? Ni kwa sababu ya kano ya kisigino. Kano hii ni kama kamba. Huunganisha msuli wa shavu la mguu na kisigino. Mtoto akichuchumia miaka mingi, kamba hiyo yaweza kuwa fupi, na kisigino hakifiki chini hata akitaka.

Mnaweza kumpima nyumbani. Alale chali, goti limenyooka. Shika kisigino kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili sukuma wayo polepole kuelekea usoni kwake. Wayo ukisimama wima kama ukuta juu ya sakafu na kupita kidogo, kano haijafupika. Usipofika hapo, nendeni hospitali. Goti lazima linyooke, kwa kuwa sehemu ya msuli huo huanzia juu ya goti. Ukilikunja, kamba inalegea na utadanganyika.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi lake. Sukuma hadi uone msuli unavutika, kisha hesabu polepole mpaka 30. Pumzisha, rudia mara chache, asubuhi na jioni. Mtoto asilie! Akilia umezidisha. Tena usisukume vidole peke yake, maana wayo utapindika katikati na kano itabaki vile vile. Michezo nayo inasaidia: kutembea kwa visigino kama bata, kupanda kilima, na kuchuchumaa huku visigino vimekanyaga chini. (Tusichanganye: kuchuchumaa ni kukaa chini chini, kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole.)

Mazoezi yasipotosha, hospitali huweza kumfunga plasta ngumu, ile ambayo wengine huiita hogo, kutoka chini ya goti mpaka kwenye wayo. Hubadilishwa kila wiki moja au mbili, na kila mara wayo huinuliwa kidogo zaidi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na mtoto hutembea nayo. Baadaye anaweza kupewa kifaa cha kushikilia mguu. Mafundi wa vifaa hivyo wamefundishwa hapa hapa nchini, kwenye chuo kilichoanzishwa KCMC Moshi mwaka 1981. Upasuaji hufikiriwa mwisho, kwa mtoto mkubwa ambaye kano yake imekataa kabisa.

Lakini wapo watoto ambao hatupaswi kuwangojea hata kidogo. Anayechuchumia mguu mmoja tu, huenda nyonga imeteguka au mguu mmoja ni mfupi. Aliyekuwa akikanyaga vizuri, kisha akabadilika. Aliyechelewa kukaa na kutembea, na miguu yake ni mikavu; huenda ana mtindio wa ubongo. Mvulana ambaye mashavu ya miguu yake ni manene, huanguka ovyo, na akiinuka hujishika mapaja kama anajipanda mwenyewe. Huyo huenda ana ugonjwa wa misuli. Asiyesema wala kuitikia jina lake. Hawa wapelekeni mapema, maana vidole ni dalili tu ya jambo jingine.

Na mtoto akiwa na plasta, tazameni vidole vyake kila siku. Vikivimba, vikiwa baridi, vikibadilika rangi au akisema vinakufa ganzi, rudini hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Msingojee tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.