Mayi ya nyumbani, nayo ni mambo ya sendika

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama munaobaki Kamina kulinda nyumba, leo hatusemi juu ya mushahara. Tunasema juu ya ile bidoni ya manjano inayokaa nyuma ya mulango.

Wengi wetu kazi iko mbali. Shaba iko Kolwezi, Fungurume, Likasi; jamaa iko Kamina. Ku kazi mutu anapewa kofia, buti na mayi ya kunywa. Nyumbani, robine ikikauka, mama anatuma mutoto ku kisima cha jirani, na mara nyingi kisima kile kiko hatua kumi tu toka choo, wakati watu wa afya wanaomba mita 30. Mayi inaonekana safi kabisa. Hapo njo tunadanganyika, sababu mikrobe ya kolera haina rangi wala harufu.

Jimbo letu la Haut-Lomami linaijua kolera tangu zamani. Inakaa upande wa maziwa ya Upemba, Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu, mahali watu wanavua, wanaoga na kunywa mu mayi ile ile. Kamina haiko ku maziwa, lakini iko ku reli. Gari la moshi la Lubumbashi linapita Bukama mbele ya kufika kwetu, na njia ingine inatoka Kabalo. Mutu aliyemeza mikrobe anaweza kukaa masaa 12, ao hata siku 5, mbele ya kuanza kuharisha. Tena wengi hawaharishi hata kidogo, lakini choo chao kinaibeba. Basi tuache kutafuta mchawi, na tuache kusema «ni bale batu ba ku maziwa». Kama choo kinavuja mu kisima, mgeni mumoja anatosha.

Sasa makuta. Code ya migodi ya 2018 inagawa kodi ya madini hivi: 50 kwa mia ku serikali kuu, 25 ku jimbo, 15 ku mji ao sekta mahali mgodi uko, 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 zinabaki pale udongo unapoharibiwa, na hatukatai, ni haki yao. Lakini mutoto wa mchimbaji anayekunywa Kamina haingii mu hesabu ile. Zamani, kuanzia miaka ya 1920 mwishoni, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na bibi na batoto mu kampi, na kampi ilikuwa na mayi na hospitali. Haikuwa huruma. Mutu mwenye jamaa nzima hatoroki kazi. Leo wengi wetu tuko ku mikataba mifupi ya kampuni za kukodisha watu, na jamaa inabaki nyuma.

Ila Code ya kazi ya 2002 inasema mwajiri atunze mfanyakazi pamoja na jamaa yake wakigonjwa. Na Katiba, mu kifungu 48, inahakikisha haki ya kupata mayi ya kunywa. Tunaomba madelege wetu wapeleke vyote viwili ku meza ya mazungumzo. Waombe kampuni isaidie kuchimba kisima kirefu cha pompi mu kartie moja; bakubwa ba kampuni wanajua kuhesabu kuliko sisi.

Tukingoja, bamama, musingoje. Mayi ichemke vizuri, ao itiwe klori kwa kipimo kilichoandikwa ku chupa, na mungoje dakika 30. Mutu akiharisha mayi nyeupe kama ya muchele, mumupe kunywa palepale: litre moja ya mayi safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo hata akitapika, na munamubeba ku santé bila kungoja asubuhi. Kolera kali isipotunzwa inaua zaidi ya nusu ya wagonjwa. Ikitunzwa mbio, hata mumoja kwa mia hafi.

Na munapochagua delege mupya, mumuulize kwanza bibi yake anachota mayi wapi.