Ulinzi wa Wingu (2): Funguo ni za Mwenye Mali

Wiki iliyopita tulieleza jinsi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilivyofika Mombasa mwaka 2009, na jinsi biashara zilivyoanza kuhamishia kumbukumbu zake kwenye wingu, yaani seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Seva hizo nyingi ziko ng'ambo. Nyingine ziko hapa hapa, kama zile za kituo cha data cha iColo, Miritini. Leo tutazame ni nani anayezilinda kumbukumbu hizo.

Wengi hudhani ukishalipia wingu, ulinzi wote umo ndani ya bei. Sivyo. Ni kama godauni la kupanga: mwenye godauni huweka kuta na askari langoni, lakini kufuli la chumba chako na nani apewe ufunguo ni juu yako. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 Kanada. Zilikuwa kwenye wingu la Amazon, ila mdukuzi alipenya kwenye kinga ambayo benki yenyewe iliipanga vibaya.

Sasa tuingie katika ofisi ya uwakala wa forodha, Changamwe. Hati za shehena na ankara huja kwa baruapepe, karani akazihifadhi kwenye wingu. Neno la siri ni moja kwa ofisi nzima, limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta. Kijana aliyeacha kazi mwaka jana angali anaweza kuingia kwa simu yake akiwa kwao Likoni. Mwizi akilipata neno hilo hana haja ya kuvunja chochote. Husoma barua kimyakimya, akangoja siku mteja atakapolipa ushuru, ndipo akatuma, kwa jina la ofisi, barua yenye akaunti nyingine ya benki. Pesa zikishakwenda huko, kontena husalia bandarini na gharama za kuhifadhi hupanda kila siku.

Dawa yake haihitaji mtaji mkubwa. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, aone yale tu yanayohusu kazi yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Na akaunti ya benki ikibadilishwa kwa barua, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Tena weka nakala mahali pasipofikiwa na mtandao wa ofisi. Mwaka 2017 virusi vya NotPetya viliiangusha kampuni ya meli ya Maersk, ikapata hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Taarifa za kuufufua mtandao wake zilipatikana kwenye seva moja nchini Ghana, iliyosalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Usiiachie biashara yako bahati ya namna hiyo.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka uvujaji wenye hatari kwa wateja uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kuugundua. Wiki ijayo tutaeleza la kufanya ndani ya saa hizo. Kwa leo, fungua orodha ya wanaoweza kuingia kwenye wingu lako, ufute kila asiye kazini tena.