Nyumba ya uzeeni isimeze mtaji wa duka

WATU wengi wanapokaribia kustaafu huwa na jambo moja kichwani: nyumba. Mfanyakazi husubiri kiinua mgongo, mkulima husubiri msimu mzuri wa korosho, mfanyabiashara huvunja kibubu. Kosa linalojirudia ni kuchora nyumba ya kumfurahisha mgeni, halafu mwenye nyumba anakosa cha kula ndani yake.

Mume na mke mmoja wa Dar es Salaam, ambao waliomba majina yao yasiandikwe, nusura waingie katika kosa hilo. Mume ni mtumishi wa umma anayekaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Mke ana duka la khanga na vitenge Kariakoo. Kwa karibu miaka 30 wamekuwa wakinunua picha za Tingatinga kule Oysterbay na vinyago vya Kimakonde pale Mwenge. Sasa picha zimepita 40, na nyingi zimefungwa shuka na kuwekwa chini ya kitanda.

Mume alitaka nyumba ya ghorofa, na huko juu sebule kubwa ya kutundika picha zote. Mkadiriaji majenzi akapiga hesabu: Sh milioni 140. Akiba yao yote, pamoja na kiinua mgongo kinachotarajiwa, ni Sh milioni 95. Milioni 45 zilizopungua zingetoka dukani, ambako mtaji mzima ni milioni 50. Mke akakataa.

Kiuchumi, mama huyo alikuwa sahihi. Duka linawaachia faida ya kama Sh milioni 1.2 kwa mwezi baada ya kulipa kodi na msaidizi. Likibaki na mtaji wa milioni 5, faida hiyo haipo tena, na ghorofa haileti hata senti.

Mchoro wa pili

Msanifu majengo aliwauliza maswali mawili: mtaishi vipi mkiwa na miaka 75, na picha zenu zinahitaji nini? Majibu ndiyo yaliyobadilisha ramani.

Kwanza, ghorofa iliondolewa, kwa kuwa magoti ya uzeeni hayapatani na ngazi. Milango ilipewa upana wa sentimita 90 ili hata kiti cha magurudumu kipite. Mlango mkubwa ukawekewa njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu.

Pili, sebule ya picha ikageuzwa kuwa korido yenye upana wa mita 2, katikati ya nyumba. Kuta zake hazipigwi na mvua wala jua. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza uchoraji huu mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, na picha zao za zamani ni za aina hiyo. Hadibodi ikinyonya unyevu huvimba. Mkulima analijua jambo hili: gunia la mahindi haliegemezwi ukutani, na huwekwa juu ya chaga. Vivyo hivyo, nyuma ya kila fremu vitawekwa vipande vya mbao ili hewa ipite. Vinyago vya mpingo vitakaa mbali na kiyoyozi, maana mpingo ukikaushwa ghafla hupasuka.

Tatu, pande ndefu za nyumba zitatazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Dawa ya mchwa itamwagwa kabla ya zege la sakafu.

Nne, nyuma kutakuwa na vyumba viwili vya kupangisha, vyenye mlango wao na mita yao ya umeme.

Gharama ya yote haya ni Sh milioni 82. Milioni 13 zinabaki kwa dharura na matengenezo, na mtaji wa duka haujaguswa. Mume amepoteza baraza la juu alilotaka kupungia upepo, na bado hulitaja kila ramani inapofunguliwa.

Somo kwa msomaji

Usikwepe ada ya msanifu na mkadiriaji kwa kuiona ni hasara. Familia hii ilijua kasoro ya hesabu zake ikiwa bado kwenye karatasi, kabla ya tofali la kwanza. Pata kibali cha ujenzi cha halmashauri, na hati ya kiwanja iandikwe majina ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili kwenye hati hupunguza ubishi.

Zaidi ya yote, kabla ya kuchimba msingi, andika fedha ya mbegu, ya mbolea au ya mzigo wa duka katika karatasi yake peke yake. Kinachobaki ndicho cha kujengea.