Kilo Tano za Chai na Miwani ya Kusomea

Mama anayeshona akishapita miaka 40 huanza kuita watoto: "Njoo unitungie uzi." Ameshailamba ncha ya uzi mara tatu, ameielekeza sindano dirishani kwenye mwanga, na tundu bado halionekani. Wenyewe tunasema macho yamechoka. Ukweli ni kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho imekakamaa. Ujanani ni laini, na misuli midogo huiwezesha kuvimba kila tunapotazama kitu cha karibu. Lakini haiachi kukua. Huongeza tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, hadi misuli inashindwa kuibadilisha umbo. Hakuna anayekwepa hali hiyo, awe profesa awe mkulima.

Miwani ya kusomea ilivumbuliwa Italia katika karne ya 13. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 826 walikuwa hawaoni vizuri karibu kwa kukosa miwani hiyo tu. Jina lenyewe lilichangia kuwapoteza watu: kama mtu hasomi, miwani ya nini?

Swali la kama miwani humsaidia asiyesoma halikuwa na kampuni ya kuligharamia, maana miwani ya bei ya chini haina faida ya kurudisha gharama za utafiti. Fedha zilitoka kwa mfadhili, James Chen wa Hong Kong, kupitia kampeni yake iitwayo Clearly. Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na Nathan Congdon wa Queen's University Belfast walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Assam, India. Mchuma chai hutafuta majani mawili na chipukizi lake, huku akiacha yaliyokomaa, na jioni kikapu chake hupimwa kwenye mizani. Huhitaji kumuuliza kama anaona vizuri, mizani itakuambia.

Wachumaji 751 wa miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa miwani mara moja, nusu wakangojea hadi utafiti uishe. Waliovaa miwani walipanda kutoka kilo 25 hadi karibu 35 kwa siku. Waliongojea nao walipanda, kutoka 26 hadi karibu 31, na ndiyo sababu kundi la kulinganisha ni la lazima: majani yakishamiri, kila mtu huchuma zaidi. Tofauti iliyoletwa na miwani yenyewe ilikuwa kilo tano na robo kwa siku, sawa na ongezeko la takriban asilimia 22. Kwa waliozidi miaka 50 lilikaribia asilimia 32. Gharama, pamoja na kumfikishia mtu miwani, ilikuwa kama dola 10.

Mwaka 2024 utafiti mwingine, wa vijijini Bangladesh, ulipima kipato cha mafundi cherehani, wakulima na wafumaji. Baada ya miezi minane wenye miwani walikuwa wakipata dola 47 kwa mwezi, wasio nayo 35.

Kwetu tunajua kuchimba kisima kama sadaka ya kudumu. Naamini fedha iliyolipia mizani ile ya Assam ni sadaka ya aina hiyo hiyo, pengine kubwa zaidi, kwa kuwa waziri wa fedha asiyetikiswa na habari za macho ya wazee atasikia habari za kilo. Na jirani zetu wameonyesha kuwa inawezekana: Rwanda, kwa kushirikiana na taasisi ya Vision for a Nation aliyoianzisha Chen huyo huyo, ilifundisha wauguzi zaidi ya 2,500 katika vituo vyote 502 vya afya kupima macho na kutoa miwani.

Basi ukijikuta unaisogeza simu mbali ili usome ujumbe, nenda kapimwe, usiishie kununua miwani barabarani. Presha ya macho na madhara ya kisukari huanza bila maumivu, na muuza miwani hawezi kuyaona. Mchukue na mama.